Siku Moja kwa Mwezi: Mwongozo Kamili wa Urafiki na Kusaidiana kwa Makasisi wa Vijijini, Mombasa na Jirani Zake

Ukishavuka Mazeras ukielekea Mariakani, Samburu au Kinango, parokia zinakuwa kubwa kwa eneo na makasisi wanakuwa wachache. Jumapili moja ni vigango viwili au vitatu, yaani makanisa madogo ya parokia, kwa pikipiki au kwa gari linalochemka njiani. Jumatatu asubuhi kuna mama mlangoni anaomba unga. Jumatano ni kikao cha bodi ya shule, Ijumaa mkesha wa matanga, Jumamosi mazishi. Waumini wanampenda kasisi wao na wanamletea kuku, lakini mbele yao yeye ni Baba, ni Mchungaji. Hawezi kuwaambia kwamba wiki hii sala imemkauka mdomoni. Askofu yuko Mombasa, na kwa askofu mtu haendi kusema amechoka. Anakwenda na ripoti.

Mwongozo huu ni wa makasisi hao, Wakatoliki, Waanglikana na Wamethodisti pamoja, maana huku vijijini ndivyo tunavyoishi, tumechanganyika. Pale sheria ya kanisa moja inapotofautiana na ya jingine nitasema. Ninaamini kwamba urafiki wa makasisi hauji wenyewe eti kwa sababu mlisoma seminari moja au mko dekania moja, yaani kundi moja la parokia jirani. Kinachouua si chuki. Ni umbali, ni mazishi, ni simu ambayo kila mmoja anangoja mwenzake aipige. Kwa hiyo unahitaji tarehe iliyoandikwa kwenye kalenda na nauli iliyotengwa kabla mwezi haujaanza.

Pwani yetu imeliona jambo hili tangu mwanzo. Mmisionari Ludwig Krapf alikuja Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwenzake, Johannes Rebmann, alifika 1846, na mwaka huohuo wakahamia Rabai wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa. Krapf aliondoka 1853. Rebmann alibaki hadi 1875, macho yakimpotea kidogo kidogo, na aliyefuatana naye katika safari ya kurudi kwao alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Rebmann alimalizia siku zake Korntal, Ujerumani, mji uleule alioishi Krapf, akafa 1876. Ukipita Rabai leo, kumbuka kwamba kazi ile ilibebwa na watu waliokuwa wakiuguzana.

Hatua ya kwanza: chagua wenzako, wasizidi wanne

Watatu ni wazuri, wanne wanatosha. Wakifika saba kinakuwa kikao, na penye kikao kila mtu huvaa uso wa kikao.

Kigezo cha kwanza ni njia. Chagua watu ambao kwa matatu na boda boda mnaweza kukutana ndani ya saa moja na nusu. Rafiki yako wa seminari aliyeko Taveta ni rafiki wa simu. Mpigie, lakini usimtegemee kwa mambo ya kila mwezi. Kigezo cha pili ni umri na cheo. Kundi la vijana watupu hulalamika sana, na la wazee watupu husimulia sana. Mkiwa na mmoja aliyekwisha pita miaka 20 katika utumishi na mmoja aliyepadrishwa juzi, wote wawili watafaidika.

Kigezo cha tatu wengi hukipuuza: usimweke kundini mtu anayeandika ripoti juu yako. Dekano au arkidikoni, anayesimamia parokia kadhaa kwa niaba ya askofu, anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na umheshimu kwa yote, lakini siku ya uhamisho atakuwa mezani pamoja na askofu. Usimpe mzigo wa kujua mambo ambayo kesho atalazimika kuyasahau. Mwambie tu kwamba kundi lipo na linakutana lini, asije akasikia pembeni akadhani mnapanga njama.

Je, kundi liwe la kanisa moja? Mimi napendelea mchanganyiko, hasa sehemu kama Mariakani na Kaloleni ambako makanisa yanaangaliana barabarani. Mchungaji wa Kimethodisti hashindani nawe kwa parokia nzuri, wala hamjui mwenyekiti wa baraza lako anayekusumbua. Unaweza kumwambia mengi. Na hili halikuanza leo: mwaka 1862 Krapf alirudi Pwani kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo chao cha Ribe, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ametumwa hapo kwanza na shirika la Kianglikana. Padri Mkatoliki atahitaji pia, mbali na kundi, padri mwenzake wa kumwungamia; kundi la mchanganyiko halichukui nafasi hiyo.

Hatua ya pili: ujumbe wa kwanza

Hapa ndipo watu hukwama, kwa sababu mtu mzima anaona haya kuomba urafiki. Usiombe urafiki. Omba chai. Andika hivi:

"Bwana asifiwe Mchungaji. Jumatatu ijayo nitapita Mariakani kama saa nne. Nina saa mbili hivi. Ukiwa na nafasi tunywe chai, sina ajenda yoyote."

Kwa padri utaanza na Tumsifu Yesu Kristo. Maneno "sina ajenda yoyote" yaache yalivyo, kwa sababu kasisi wa kijijini akitafutwa na mwenzake kwanza hujiuliza ni harambee gani tena. Asipojibu, mpigie baada ya siku mbili. Asipopokea, mpitie. Vijijini mtandao hupotea, na kimya cha simu hakimaanishi kukataa.

Mkikutana mara ya kwanza, usianze na shida zako. Mwulize habari za nyumbani kwao, wazazi wako hai, alikuwa wapi kabla ya hapa, watu wa hapa wamempokeaje. Msikilize. Mkiagana sema, "Mwezi ujao tena, Jumatatu kama hii?" Akisema ndiyo, mmeanza. Mnaweza kumwongeza wa tatu mkutano unaofuata.

Hatua ya tatu: siku, mahali na nauli

Siku ni Jumatatu. Jumapili imepita, mwili umelegea, na makasisi wengi hupumzika siku hiyo. Mimi napendekeza Jumatatu ya pili ya mwezi, kwa sababu ya kwanza huwa na hesabu za sadaka na ripoti. Andikeni tarehe zote za mwaka mzima mara moja, mkiruka Juma Kuu na Jumatatu iliyo karibu na Krismasi. Kumbukeni pia masika, kati ya Machi na Mei, ambapo baadhi ya njia za ndani hazipitiki na boda boda hupandisha bei. Miezi hiyo kutaneni kando ya barabara kuu.

Mahali pa kwanza pasiwe kwa mtu yeyote. Hoteli ndogo tulivu ya chai na mahamri kwa mbaazi inafaa, iwe katikati ya njia zenu. Baada ya miezi mitatu anzeni kuzunguka nyumba kwa nyumba, kwa sababu nyumba ya kasisi inasema mengi ambayo yeye hasemi: sufuria zilizokauka, dirisha lililovunjika tangu mwaka jana, vitabu visivyofunguliwa. Mkiwa wa pande mbili, mmoja Kwale na wenzake Mariakani, barabara ya Dongo Kundu kutoka Miritini inawaepusha na foleni ya kivuko cha Likoni.

Wengine watasema, "Mbona tusikutane Mombasa tu, kila mtu huenda huko?" Ni kweli, sote tunashuka mjini: ofisi ya dayosisi, benki, hosti na divai, vipuri vya gari. Lakini ukiunganisha urafiki na shughuli, shughuli ndiyo itakayokula siku. Mkilazimika, kutaneni kwanza asubuhi, shughuli zifuate. Kwa Wakatoliki, Misa ya Krisma, ile ya kubariki mafuta matakatifu, pale Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu huwaleta mapadre wote pamoja. Siku hiyo ni ya kusalimiana na kukumbatiana, haitoshi kwa mazungumzo.

Nauli ipangwe. Peleka jambo hili kwa kamati ya fedha ya parokia kama gharama ya kumtunza mchungaji, kiasi kidogo, kila mwezi, kiandikwe kwenye bajeti. Waumini wa kijijini wanaelewa kuliko tunavyodhani. Wengi wao wako kwenye chama cha akina mama au cha kuweka akiba, na wanajua mtu peke yake hachomoki. Mwambie katekista au katibu waziwazi: Jumatatu ya pili kasisi hayupo hadi jioni, na dharura ya mgonjwa inapigiwa namba fulani.

Mazishi yakiangukia siku hiyo, mkutano husogezwa Jumatatu inayofuata, haufutwi. Mtu akikosa mara mbili mfululizo, mara ya tatu mkutano unahamia kwake, atake asitake.

Hatua ya nne: mnafanya nini mkikutana

Fikeni saa nne. Zaburi moja na sala fupi. Simu zote ziwekwe dirishani, isipokuwa ya mmoja mwenye mgonjwa mahututi, naye aseme mapema.

Kisha kila mmoja apewe nusu saa yake. Wengine wanasikiliza. Hakuna kutoa ushauri mpaka mwenye zamu auombe. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu sisi ni watu wa mimbari; tukisikia tatizo, mdomo unatafuta aya ya Biblia. Ukiona ulimi unakuwasha, kunywa chai.

Maswali yanayosaidia ni manne, na muyaulize kwa maneno haya haya mpaka yazoeleke: Unalalaje? Unasalije? Nani amekuumiza mwezi huu, na wewe umemuumiza nani? Una deni?

Mara nyingi mwenzako ataanza na "niko sawa, namshukuru Mungu." Mwacheni. Ngojeni. Atageuza kikombe, atazungumzia mvua iliyokataa kunyesha, atataja kwamba mwezi huu amezika mara nne. Uliza tu, "Nani na nani?" Atataja mzee fulani, kijana wa boda boda, mama mmoja, halafu atasema mtoto, na sauti itabadilika, kwa sababu mtoto huyo alimbatiza mwenyewe Pasaka iliyopita na baba yake alimwuliza kaburini swali ambalo hakuwa na jibu lake. Hapo ndipo nusu saa inapoanza. Usimwambie kwamba Mungu ana mpango wake. Hayo anayasema yeye kila Jumamosi. Mwulize mtoto aliitwa nani. Mwombeeni kwa jina.

Zikiisha zamu, kuleni pamoja chakula cha kueleweka, wali wa nazi na samaki au chochote kilichopo, na hapo ndipo cheko na hadithi. Msiandae mahubiri pamoja siku hii, wala msijadili uchaguzi wa askofu. Mkimaliza saa nane kila mtu atafika kwake kabla ya giza.

Hatua ya tano: siri

Semeni siku ya kwanza, kwa sauti: kinachosemwa hapa hakimfikii mke, mpishi, katekista wala askofu. Hata kumsifu mwenzako nje kwa jambo alilosema ndani ni kuvunja siri.

Kwa Wakatoliki ni muhimu kutenganisha mambo mawili. Mazungumzo ya kundi si kitubio. Muhuri wa maungamo, unaolindwa na kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa, ni wa sakramenti peke yake. Padri akitaka kuungama, aende pembeni na padri mwenzake, wavae stola, iwe sakramenti, kisha warudi mezani. Msichanganye, maana mtu anaweza kudhani amelindwa na muhuri ambao haukuwepo. Na hakuna mtu kundini anayeruhusiwa kuleta alichosikia kwenye maungamo, hata bila majina. Kijiji ni kidogo.

Siri ya urafiki ina mipaka yake, nayo isemwe siku hiyohiyo ya kwanza. Mtoto akiwa ameumizwa au yuko hatarini, hakuna siri. Jambo linapelekwa polisi au kwa ofisi ya watoto, na namba 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure. Pili, maisha ya mwenzenu mwenyewe yakiwa hatarini, hakuna siri.

Kundi la WhatsApp litumike kwa tarehe, nauli na salamu za sikukuu. Maumivu ya mtu hayaandikwi huko. Simu hupotea na hukopeshwa, na picha ya ujumbe husafiri haraka kuliko matatu ya Mombasa.

Hatua ya sita: kushikiana zamu

Urafiki wa maneno matupu haudumu. Kinachowafunga watu ni kumwezesha mwenzako aende likizo. Nimewaona makasisi wanaokaa miaka bila kupumzika na wanajisifu kwa hilo; hainipendezi hata kidogo. Sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe, kanuni ya 533, inampa paroko, yaani padri mkuu wa parokia, hadi mwezi mmoja wa likizo kila mwaka, na siku za mafungo ya mwaka hazihesabiwi humo. Akitoka zaidi ya wiki moja anapaswa kumjulisha askofu. Haki hiyo haina maana kama hakuna wa kushika vigango.

Kwa hiyo Januari kaeni na kalenda, kila mmoja achague wiki zake, na wengine wa kanisa lake wagawane Jumapili zake. Kagueni mambo haya mapema.

Ndoa ndiyo yenye mitego. Kwa Wakatoliki, padri anayefungisha ndoa nje ya parokia yake lazima awe amepewa mamlaka na paroko wa hapo au askofu, atajwe yeye kwa jina na kwa ndoa hiyo. Bila hivyo ndoa ni batili. Andika karatasi, weka sahihi na muhuri, iache kwenye faili la wachumba. Kwa makanisa yote, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka mfungishaji awe na leseni kutoka kwa Msajili wa Ndoa. Kasisi kijana aliyetoka kupadrishwa huenda bado hana. Mwulize kabla ya kadi za mwaliko kuchapishwa. Kwa Waanglikana, kasisi mstaafu anayekusaidia awe na idhini ya askofu ya kuhudumu.

Mwachie anayekushikia karatasi moja, siyo zaidi: ibada za kila kigango na saa zake, wagonjwa wanaongoja komunyo na nyumba zao zilipo, mazishi yanayonukia, funguo ziko kwa nani, na mtu mmoja wa kumtegemea kila kituo. Ongeza mstari mmoja juu ya kile ambacho asiguse. Kama kuna ugomvi wa kiwanja kati ya familia mbili za kwaya, mwambie, ili asije akatoa hukumu akiwa mgeni.

Anayeshika zamu naye ana adabu zake. Habadilishi ratiba, haahidi chochote, hapokei lawama dhidi ya mwenye parokia. Mwumini akianza, "Baba, wewe unahubiri vizuri kuliko huyu wetu," jibu ni moja: "Huyu wenu ni rafiki yangu."

Kati ya makanisa tofauti hamwezi kushikiana sakramenti, na msijaribu. Lakini mnaweza kumtembelea mgonjwa wa mwenzenu hospitalini, kusali na waliofiwa, kubeba jeneza kwenye pikapu yenu, kumpitisha mke wa mchungaji sokoni gari lao likiwa gereji.

Hatua ya saba: pesa na ugonjwa

Wekeni kibubu. Mkiwa wanne na kila mmoja akatoa shilingi 500 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 24,000. Si nyingi, lakini zinatosha kumpeleka mtu hospitali usiku au kumpeleka kwao akifiwa. Mmoja ashike, mwingine aandike, na kila mkutano hesabu isomwe kwa dakika mbili. Msikopeshane kutoka humo. Mwenye dharura apewe, isihesabiwe deni. Deni kati ya marafiki wanaokutana kila mwezi humfanya mdaiwa akose mkutano, na mmekwisha mpoteza.

Kagueni bima ya kila mmoja. Tangu Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, imepisha SHA, na makasisi wengi wasio na hati ya mshahara waliachwa njiani wakidhani dayosisi inalipa. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usipungue shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara wa kawaida hulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mkutano mmoja wa mwaka kila mtu afungue simu yake, aonyeshe kwamba amesajiliwa na amelipa. Ni jambo dogo linaloonekana la kitoto mpaka siku mtu anafika mapokezi na kuambiwa hayumo.

Mwenzenu akizama

Dalili mnazijua kwa waumini, lakini kwa mwenzenu hamtaki kuziona: anaahirisha ibada za vigangoni, hapokei simu, pombe ya mnazi ya jioni imeanza kuwa ya mchana, nguo zimemlegea, anagawa vitabu vyake, anasema kwa utani kwamba parokia itakuwa afadhali bila yeye.

Nendeni wawili, msingoje Jumatatu ya pili. Wawili, kwa sababu mmoja atazungumza naye na mwingine atashughulikia nyumba na ibada ya Jumapili. Bebeni chakula. Nabii Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa tena. Sauti ile ya utulivu ya Mungu ilikuja baadaye, mlimani Horebu. Fuateni utaratibu huo.

Akishakula na kulala, mwulize bila kuzunguka: "Umewahi kufikiri kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, humfungulia mlango. Akisema ndiyo, asilale peke yake usiku huo. Msalaba Mwekundu wana namba ya bure, 1199, yenye watu wa ushauri nasaha, na Hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa ina kitengo cha afya ya akili. Mwende naye, mngoje naye kwenye benchi. Wapo wanaoogopa polisi. Waambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kuwa kinyume cha Katiba.

Kisha askofu aambiwe, na ikiwezekana mwenyewe aende akisindikizwa nanyi. Ombeni kitu mahsusi: miezi fulani ya mapumziko, matibabu, mtu wa kushika parokia, na ahadi kwamba posho haitakatwa. Askofu akipewa ombi lililo wazi huweza kusema ndiyo. Akipewa malalamiko tu, ataunda kamati.

Wawili nyumba moja

Paroko na msaidizi wake wanaweza kukaa mwaka mzima chini ya paa moja wakiwa wageni. Ugomvi wao hauanzi na teolojia. Unaanza na gari, ufunguo wa ofisi na mpishi anayemtii mmoja tu. Yamalizeni hayo kwa kalamu: daftari la gari lenye zamu na mafuta, ufunguo wa pili kwa msaidizi siku anapofika, na orodha ya vyakula inayoandikwa na wote. Kisha pangeni mlo mmoja kwa wiki ambao hakuna mgeni anayealikwa; Jumapili usiku ni mzuri. Paroko ndiye aanze kuuliza msaidizi ameionaje wiki, kwa sababu mdogo hawezi kumhoji mkubwa kwa mila zetu.

Makasisi wanawake, na wake wa wachungaji

Kanisa Anglikana na la Kimethodisti yana makasisi wanawake huku vijijini, na upweke wao ni mara mbili, maana wenzao wanaume huogopa maneno ya watu wakawaacha nje. Msiwaache. Kutaneni watatu au zaidi, mahali pa wazi, mchana, na mume wake ajue ratiba. Mama Kasisi asigeuzwe mpishi wa kundi. Zamu ya kuosha vikombe izunguke kama zamu nyingine.

Mke wa mchungaji naye hana wa kumwambia. Mara mbili kwa mwaka kutaneni na familia, watoto wacheze, na akina mama wapeane namba. Waachieni nafasi yao bila nyinyi.

Na kwa kuwa tuko Pwani, kasisi wa Kwale au Kinango ana jirani mmoja zaidi, imamu wa msikiti wa karibu, ambaye pia huamshwa usiku na waliofiwa. Mpelekee salamu siku ya Idi, nenda akifiwa. Hana haja ya kuwa kwenye kundi ili awe rafiki.

Uhamisho ukija

Barua huja, na wakati mwingine siku za kufungasha ni chache. Kundi limsaidie anayehama kupakia, limsindikize, na mmoja afike naye huko aendako, ili waumini wapya waone kwamba kasisi wao ana watu. Aliyeondoka asirudi parokia ya zamani kubatiza au kuzika bila kualikwa na aliyempokea, hata akibembelezwa. Akipigiwa simu na kulalamikiwa juu ya mrithi wake, aseme "mpeni muda," na amalize hapo.

Aendelee kuja kwenye kundi kwa miezi sita kama njia inaruhusu, au azungumze nanyi kwa simu mkiwa mezani, mpaka apate wenzake wa jirani. Baada ya hapo nafasi yake apewe mgeni aliyekuja kwenye parokia yake, naye apigiwe simu wiki ileile aliyofika, kabla hajamaliza kufungua masanduku, aambiwe Jumatatu ya pili ni lini na chai inanywewa wapi.